Jina Lililokosekana Kwenye Kisahani

Jumatatu, 14 Aprili

Nafasi imetoka. Chuo cha Pell Ridge, Ohio — kocha wa mitupo, ajira ya mwaka mzima, na chini kabisa wameandika kwamba atakayefaa anaweza kupandishwa kuwa naibu wa kocha mkuu. Nimesoma tangazo mara nne nimesimama jikoni, koti bado mwilini. Mume wangu Royce akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna kazi.

Miaka kumi na miwili nipo chuo cha Stavely. Nilikuja nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nikamwambia Royce tunakaa mitatu tu, akapata kazi ya kutengeneza matrekta, na matrekta ya Iowa hayaishi kuharibika. Nafundisha tufe, nyundo na kisahani. Naendesha basi dogo la timu. Nafua fulana. Wakati wa baridi namwaga chumvi kwenye ngazi za ukumbi ili wasichana wasivunjike miguu kwenye barafu. Silalamiki. Au nalalamika, ila humu tu.

Nijionye mapema. Matangazo mengi ni ya kutimiza sheria. Mtu ameshapatikana, ameshaonyeshwa hata ofisi yake, lakini tangazo lazima likae wiki mbili. Mimi mara mbili nimekuwa yule wa kujaza orodha. Mara ya pili walinilipia hadi ndege, wakanilisha samaki mzuri sana, na aliyepewa kazi ni yule kijana aliyetumwa kunipokea uwanja wa ndege.


Jumamosi, 19 Aprili

Mashindano nyumbani. Upepo wa kukata masikio. Makocha wote wa mitupo tulisimama nyuma ya wavu, mikono mifukoni, tukichunguzana kofia. Hii ni kawaida ya majira haya: kocha akija na kofia isiyo na nembo ya chuo chake, basi anatafuta kazi. Leo walikuwa watatu. Mmoja akaniambia Pell Ridge bado hawana mtu wao, wanatafuta kweli. Nikajitia sijasikia. Mimi nilivaa kofia ya Stavely, na niliichagua kwa makusudi.

Maren, kisahani, mita 42.60. Msichana huyu! Maren Dorn, mwaka wa mwisho, binti wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini huko. Alipokuja alikuwa na mikono ya kubeba ndoo na hajui kuzunguka hata mara moja bila kujikwaa. Mwaka wa kwanza alirusha kisahani mita ishirini na tisa, kikaangukia kwenye gari la mkuu wa chuo. Sasa anaongoza ligi nzima ya vyuo tisa. Sijasaidia kitu kingine chochote maishani mwangu kikaenda mbali hivyo.


Jumatano, 23 Aprili

Nimetuma maombi. Kulikuwa na swali: Je, tunaweza kuwasiliana na mwajiri wako wa sasa? Nikajibu hapana, si kabla ya hatua ya mwisho.

Lyle hajui. Ndiye kocha mkuu wangu, ana miaka sitini na saba, thelathini na mmoja kati ya hiyo yupo kwenye ofisi ileile yenye dirisha lisilofunguka. Ningemwambia, asingenikasirikia. Lakini hatusemi. Hakuna kocha anayesema katikati ya msimu. Wasichana wakisikia kocha wao anaondoka, wiki hiyohiyo nusu yao wanajiandikisha kwenye orodha ya wanaotaka kuhama chuo, na wale wa sekondari walioahidi kuja wanaacha kupokea simu. Niliona yaliyoipata timu ya chuo cha Corbin miaka mitano iliyopita. Walibaki na warushaji wawili, mmoja ana bega bovu.

Kwa hiyo unafunga mdomo, unatabasamu, unapima umbali. Ndiyo desturi yetu.


Jumamosi, 3 Mei

43.80!

Nilishika utepe wa kupimia mwenyewe upande wa duara. Ni wa ishirini na tisa nchini kwa vyuo vya ngazi yetu. Kwenda fainali za taifa wanachukua ishirini na mbili. Anahitaji kama sentimita themanini tu zaidi, na mashindano ya ligi ni wiki ijayo, kwenye duara zuri la Corbin ambako upepo huja kutoka kulia.

Kuna kero moja: wenyeji wa leo wameandika 42.80 kwenye matokeo. Nimewaandikia warekebishe. Wameahidi Jumanne.

Baba yake anakuja Jumamosi ya ligi. Gerald Dorn, ng'ombe tisini, kukamua asubuhi na jioni siku zote za mwaka. Kwa miaka minne hajamwona binti yake akirusha hata mara moja. Safari hii jirani amekubali kumkamulia. Maren alinieleza haya akiwa anafunga kamba za viatu, bila kuniangalia, sauti yake imekuwa ndogo kama ya mtoto. Akasema, "Kocha, anataka kujua akae wapi ili aone vizuri. Nimwambie wapi?"

Nikamwambia nitamtafutia kiti mwenyewe.


Jumatatu, 5 Mei

Pell Ridge wamejibu. Usaili kwa video, kesho saa kumi jioni. Kocha mkuu wao anaitwa Denise Crowder, na anaandika barua fupi zisizo na mapambo. Nimepiga pasi shati la bluu. Royce ameniuliza maswali ya majaribio mezani huku tukila, akijifanya mkurugenzi wa michezo, kaniuliza kama najua kuendesha trekta. Tumecheka. Ni muda mrefu sijacheka namna ile.


Jumanne, 6 Mei

Usaili umekwenda vizuri. Watu watatu, saa moja na nusu, na hawakuuliza hata swali moja la kijinga.

Sikuandikisha kisahani.


Jumatano, 7 Mei

Niandike yote, kwa utaratibu, ili hata mimi nisije kujidanganya baadaye.

Kuandikisha washiriki wa ligi kulifungwa jana saa kumi na moja kamili jioni. Kila kocha msaidizi anaandikisha watu wake. Nyundo na tufe nilimaliza asubuhi. Kisahani nikakiacha, nikisubiri ile 42.80 irekebishwe iwe 43.80, kwa sababu nilitaka Maren awe wa kwanza kwenye orodha na arushe katika kundi la mwisho, akijua anachokifukuzia. Kocha yeyote mwenye akili angeandika ile ya zamani kwanza, kisha akaibadilisha. Mimi nilijua nina mchana mzima.

Saa kumi nikafunga mlango, nikawasha video. Denise akaniuliza namna ninavyomfundisha mtu asiyejua kuzunguka. Nikaanza kueleza. Nikasimama, nikahamisha kiti, nikawaonyesha kwa miguu. Wakawa wanaandika. Nikajisikia mtu. Miaka kumi na miwili hakuna aliyeniuliza swali lile.

Tulipoagana nikatazama saa. Kumi na moja na nusu.

Ukurasa ulikuwa umefungwa. Nikabonyeza mara ishirini. Kwenye orodha ya kisahani kuna majina kumi na saba, la Maren halipo. Nilikaa chini sakafuni na shati langu la bluu.

Leo asubuhi Lyle akaja na orodha mkononi. Hakuwa na hasira, alidhani ni kosa la uchapaji. Akaniuliza, "Nadine, Maren yuko wapi hapa?"

Nikasema, "Mtandao uligoma."

Maneno mawili. Yalitoka yenyewe, kama mtu anavyosema salama anapoulizwa habari. Ningesema ukweli ningelazimika kusema nilikuwa wapi. Nilidhani nitarekebisha baada ya dakika moja, lakini Lyle alikuwa ameshakaa kwenye meza yangu na kuvuta simu.

Kuna kanuni: aliyechelewa anaweza kuingizwa kama makocha wakuu wote wengine wanane wataridhia. Lyle aliwapigia mmoja mmoja. Akaandika majina yao kwenye karatasi ya njano, na kila aliyekubali akamwekea alama. Nilisimama pale nikimsikiliza akisema, mara nane, kwamba mtandao ulimgomea kocha wake, kwamba ni mtu makini, kwamba anamwekea dhamana yeye mwenyewe. Saba walikubali. Hawakukubali kwa ajili yangu. Walikubali kwa ajili ya sauti ya Lyle na miaka yake thelathini na mmoja.

Wa nane ni Vic Stroud wa Corbin. Akakataa. Akamkumbusha Lyle kwamba mwaka juzi msichana wao wa kuruka viunzi alisahaulika vivyo hivyo, na ni Stavely peke yake iliyokataa. Kweli. Na ni mimi niliyemshauri Lyle akatae. Nilimwambia sheria ni sheria.

Maren nilimwambia kwenye chumba cha vifaa. Alikuwa anafuta visahani kwa kitambaa, kimoja kimoja. Nikampa yale maneno mawili. Hakulia. Alimaliza kile alichoshika, akakirudisha kwenye rafu, akasema atampigia baba yake asije.

Nikasema bado ana tufe Jumamosi hiyohiyo. Akasema, "Tufe, Kocha? Ataniona natupa tufe, atadhani miaka minne nimekuja kucheza."

Kisha akanigusa bega. Yeye kunifariji mimi! Akasema nisijisumbue, kompyuta ni kompyuta.


Jumamosi, 10 Mei

Corbin. Jua, upepo kutoka kulia. Siku ya kisahani, kila mtu alisema.

Aliyeshinda karusha 42.15. Maren alisimama kando ya wavu na kila mmoja akirusha alipiga makofi. Alivaa suruali ya mazoezi na koti, kama mgeni. Mimi sikuweza kukaa pale. Nilienda nyuma ya vyoo nikasimama mpaka nikasikia tangazo la mshindi.

Tumekosa ubingwa wa ligi kwa pointi sita. Ushindi wa kisahani ni kumi. Hakuna aliyezitaja hesabu hizo ndani ya basi lakini zilikuwa kwenye kila kiti. Msichana mmoja wa mbio za kati alianza kusema kitu kuhusu watu wasiofanya kazi yao, na nikamsikia Maren nyuma yangu, sauti ya chini, akimwambia anyamaze, hajui lolote, mtandao uligoma.

Niliendesha kilomita mia na arobaini nikiangalia mstari mweupe. Royce aliponifungulia mlango nilimwambia yote. Alichukua begi langu.


Alhamisi, 15 Mei

Nafasi ya mwisho kabisa ya kutafuta umbali, Illinois. Tumeondoka mimi na Maren peke yetu, mwendo wa saa tano. Nilimwambia Lyle nitalipia mafuta mwenyewe, hakuuliza kwa nini.

Mvua. Ile nyembamba isiyokatika. Duara likawa kama sahani iliyopakwa mafuta. Tulilikausha kwa taulo kila raundi, mimi nimepiga magoti, na kila nikiinuka limelowa tena. Mitupo sita. Wa nne aliuachia vizuri sana, nilidhani ndio huo. 43.11. Alihitaji 44.60.

Alikiokota kisahani chake, akakifutia kwenye tumbo la fulana. Akasema, "Basi, Kocha. Ndio mwisho." Akakaa kwenye kiti cha mbele na soksi zimelowa, akalala.

Tuliposimama kuweka mafuta aliamka, akakumbuka ana mzigo wangu. Mfuko wa jibini kutoka kwao, ile laini ya siku hiyohiyo inayolia kwenye meno, na kipande cha karatasi. Nakinakili hapa: Kwa Kocha Nadine. Tunashukuru kwa kumlea binti yetu. Mashine za siku hizi haziaminiki, hata yangu ya kukamulia. Usiumie moyo. G. Dorn.

Nilitaka kusema pale pale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka kahawa.


Jumatatu, 19 Mei

Lyle aliniita ofisini, akafunga mlango. Nikajua amejua.

Hakujua. Anastaafu. Mwisho wa Juni. Alikuwa ameamua tangu Januari, hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, kwa sababu ileile — wasichana wangekimbia. Na amekwisha kuzungumza na mkurugenzi wa michezo. Anataka mimi nichukue nafasi yake. Watatangaza wiki mbili, kama sheria inavyotaka, lakini alisema nisitie shaka, mtu ameshapatikana.

Kwa hiyo safari hii mtu aliyeshapatikana ni mimi. Wako wengine huko watakaopiga pasi mashati yao bure.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akazungusha kikombe chake, hapendi maswali ya namna hiyo. Akasema kazi yenyewe haina ufundi mwingi. Kinachotakiwa ni kwamba ukisema jambo, makocha wanane wa ligi hii wakuamini bila kuuliza mara ya pili.

Nikamwambia nitafikiri. Akanitazama kwa mshangao. Alidhani nitafurahi.


Jumanne, 20 Mei

Denise Crowder amepiga. Tumebaki waombaji wawili. Anataka kuzungumza na Lyle, na hawezi kuendelea bila hilo.

Nikaenda kumwambia Lyle mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Nilisimama mlangoni. Nikasema nimeomba Pell Ridge tangu Aprili. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema tumekaa chumba kimoja mwezi mzima, kila mtu ameficha barua yake kama watoto wa shule. Akasema Pell Ridge ni mahali pazuri, asingekuwa muungwana kunizuia. Atanisemea vizuri.

Hakuuliza lini nilifanyiwa usaili. Kwa nini aulize?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa anacheka, mlango uko wazi, hakuna mtu. Sikuweza kumkata kicheko.


Jumatano, 21 Mei

Royce wakati wa kifungua kinywa, bila kuinua macho kwenye sahani: "Maren unamwambia lini? Anaondoka kesho."

Nikasema kesho. Akauliza kesho anaondoka saa ngapi. Nikanyanyuka nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.


Alhamisi, 22 Mei

Naandika ndani ya gari, daftari juu ya usukani.

Denise alimpigia Lyle saa tatu asubuhi. Walizungumza dakika arobaini. Nilikuwa chumba cha vifaa, nahesabu nyundo ambazo nazijua ni kumi na moja. Nilisikia Lyle akicheka mara moja. Baadaye sikumsikia tena.

Aliponiita hakunionyesha kiti. Alikuwa amesimama dirishani. Akasema Denise ananisifu sana, amependa usaili. Kisha akanipa maneno yake kama alivyoyasikia, taratibu: "Kasema, Jumanne ile ya tarehe sita walikukawiza hadi saa kumi na moja na nusu, na hukutazama saa hata mara moja. Kasema mtu wa namna hiyo ndiye anayemtaka."



Alifungua droo, akatoa ile karatasi ya njano. Majina manane, alama saba. Akailaza mezani katikati yetu. Akasema, "Hawa niliwaambia mtandao uligoma. Nilisema nakuwekea dhamana."

Nikamwomba radhi. Neno lilitoka dogo sana. Nikamweleza kuhusu zile mita zilizokosewa, kuhusu kusubiri, na nilivyojisikia vibaya, nikaacha katikati kwa sababu nilijisikia nikijitetea.

Nikamuuliza amemwambia Denise nini. Akasema amemwambia hajapata kufanya kazi na mtu anayejua mitupo kuliko mimi, na kwamba hilo ni kweli, jana na leo. Ya Jumanne hakumwambia. "Hakuniuliza," akasema. "Lakini sasa siri hii ninayo na mimi, Nadine. Nilikuwa nataka kustaafu sina la kuficha."

Kuhusu nafasi yake hapa hakusema chochote. Wala mimi sikuuliza.

Nilipofika mlangoni akaniambia baba yake Maren amekuja na gari kubwa kuchukua vitu vyake vya bwenini. Wapo uwanjani. Maren anataka amrushie, mara moja tu, ili mzee aone. Na ametuma salamu kwamba anataka nije nipime mimi, si mtu mwingine.

Nimechukua utepe. Nimeendesha mita mia tatu ambazo siku zote natembea. Nimeegesha upande wa pili wa uzio na nimeshika kalamu nijiandikie ya kusema, nisije nikayakoroga.

Maren, nisikilize kwanza kabla hujarusha.

Hapana. Arushe kwanza. Mwache baba yake aone.

Maren, mtandao haukugoma.

Nawaona kutoka hapa. Bwana Dorn ni mfupi kuliko nilivyofikiri. Amevaa shati jeupe lililokunjwa upya kutoka dukani, mistari ya mkunjo bado inaonekana mgongoni. Hajui asimame wapi. Maren amemshika mkono amempeleka nyuma ya wavu, kulia, mahali pazuri. Nilisema kiti chake nitamtafutia mimi.

Bwana Dorn, ile karatasi yako ninayo bado. Siyo mashine.

Simu inatetemeka kwenye kiti cha pembeni. Namba ya Ohio. Ni Denise, na ana jibu la kunipa, la ndiyo au la hapana, na nikipokea sasa nitaingia uwanjani nikiwa nalo. Nikisikia ndiyo, nitasema? Nikisikia hapana, nitasema? Najijua. Ndicho kinachonitisha, najijua.

Imenyamaza.

Maren, nilikuwa kwenye usaili wa kazi. Nilifunga mlango. Wewe ndiye niliyekuwa nawasimulia habari zako.

Ni kweli, lakini hilo la kuwasimulia lisikae mwisho. Likikaa mwisho ni kama naomba kusamehewa.

Inatetemeka tena. Maren ameingia kwenye duara. Amefuta viatu, amekipaka kisahani vumbi, amegeuka anatazama gari langu. Baba yake naye amegeuka, amevua kofia. Hajaanza kuzunguka. Ananisubiri nishuke na utepe.